Mkono wa Maka

Nzuki wa Mativo alijifunza kuchukia akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na alijifunza kama alivyojifunza kila kitu kilichohusu tenisi: kwa kurudia na kurudia mpaka mwili ukakubali.

Kabla ya hapo hakuwa mtu wa chuki. Alikuwa maka katika klabu moja upande wa pili wa Nairobi, kule kwenye miti mirefu na nyua zilizokatwa kwa makasi. Alitoka Kaloleni alfajiri kwa miguu, raba zake nyeupe akizining'iniza shingoni kwa kamba zake zisije zikashika tope, na alipofika langoni ndipo alipozivaa. Kazi ya maka ni kucheza na wanachama wa klabu wanapokosa mtu wa kucheza naye. Wengi hudhani kazi hiyo yataka mtu anayecheza vizuri. Sivyo. Yataka mtu anayemfanya mwanachama acheze vizuri. Maka humpelekea bwana yule mpira pale mkono wake unapoupenda, kwa kimo anachokipenda, hivi kwamba ikifika saa ya chai bwana anakaa kitini akijiona simba. Maka wenyewe waliiita kazi hiyo kulisha. Aliyewashinda wanachama ovyo ovyo hakudumu. Aliyejua kulisha alizeekea pale pale, akapewa na suti kuukuu za mabwana.

Nzuki alijua kulisha kuliko wote. Aliyemfuata kwa karibu alikuwa Patrobas Shitanda wa Shauri Moyo, ambaye babake alitengeneza masanduku ya mabati huko Gikomba. Wawili hao walikutana kila asubuhi kwenye Barabara ya Jogoo, wakaenda kazini pamoja wakitaniana juu ya makabila yao, Shitanda, Mluhya, akiulizwa kama amekunywa chai ya vikombe sita, Nzuki, Mkamba, akiulizwa kama amechonga twiga njiani. Kabla wanachama hawajafika walicheza wao kwa wao. Hapo mpira ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, mpaka mtunza bustani akasahau kukata nyasi. Hakuna aliyehesabu mshindi. Raha ilikuwa mpira usife.

Mwaka wa sabini na nne habari zikafika kwamba maka mmoja angepelekwa ng'ambo kufundishwa, na baadaye aingie mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Kamati ya klabu ikaamua kwamba Nzuki na Shitanda wapambane Jumamosi. Atakayeshinda seti mbili kati ya tatu ndiye atakayekwenda.

Ijumaa jioni Shitanda alifika kwa akina Nzuki, Kaloleni. Alipakuliwa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, akala, mamake Nzuki akamwongeza, akala tena akimsifu mpishi. Kisha akamwomba Nzuki watoke kidogo. Walisimama karibu na bomba la maji, na hapo Shitanda akatoa wazo lake. Alisema wanachama wangekuja kutazama mchezo wa kupendeza. Mmoja akimmeza mwenzake upesi, wote wawili wataonekana si kitu, na huenda kamati isimpeleke yeyote. Afadhali wagawane. Nzuki ampe seti ya kwanza, yeye ampe Nzuki ya pili, halafu ya tatu kila mtu apiganie roho yake.

Nzuki hakuona ubaya. Kwa maka, kugawana mchezo lilikuwa jambo la kila siku, kama kugawana sigara. Wanachama walipocheza wawili kwa wawili, kila upande ukiwa na maka wake, ni maka waliokonyezana nani ashinde seti ipi, ili wote warudi kwa wake zao wakiwa wachangamfu. Akampa Shitanda mkono, wakapatana.

Jumamosi hiyo Mzee Mativo, babake Nzuki, alivaa suti yake ya kanisani. Alikuwa mtu wa reli, kazi yake kugeuza njia ili garimoshi lipite pake, na wenziwe walimjua kuwa mtu asiyefanya mzaha na kazi. Alikuwa amewaambia majirani, na majirani walikuja, wake kwa waume, nguo zimepigwa pasi. Langoni walikataliwa kuingia. Wakasimama nje ya wavu wa ua, juani, vidole vyao vimeshika waya.

Nzuki alitoa seti ya kwanza kama walivyoahidiana. Alilisha. Mpira mmoja baada ya mwingine aliuweka mbele ya Shitanda kama sahani mezani, na Shitanda akapiga, watu wakapiga makofi. Seti ya pili ilipoanza, Nzuki alisimama akingoja zamu yake. Mpira wa kwanza ulimpita kama jiwe la manati. Alidhani mkono wa mwenzake umeteleza. Wa pili ukapita. Akamtazama Shitanda, na Shitanda alikuwa akitazama nyuzi za raketi yake. Nzuki alipoelewa, gemu nne zilikuwa zimekwisha kwenda, na mkono wake, uliokuwa umeambiwa ulishe, ulikataa kuambiwa vingine. Kila alipotaka kuua mpira, mpira ulikwenda kwa upole mahali Shitanda alipoupenda. Kabla ya saa ya chai, mambo yalikuwa yamekwisha.

Nje ya ua alikuwako jirani mmoja, Wekulo, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni na bingwa wa kuwapa watu majina. Aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwa klabu kama kijana wa Mativo alikuja kucheza au kumlisha mwenzake uji. Watu wakacheka kwa uchungu, kama watu wanavyocheka wakiwa wamevaa vizuri na mambo yameharibika. Tangu siku hiyo jina la Nzuki mtaani likawa Mlishaji.

Mzee Mativo hakucheka. Walipokuwa wakirudi nyumbani alisema mara moja tu kwamba mwanawe alimkuta mwenye nguvu kumliko, na hilo si aibu. Miaka iliyofuata alilisema tena na tena, kazini, kanisani, popote jina la Mlishaji lilipotajwa.

Shitanda aliondoka nchini bila kuaga. Nzuki hakumweleza babake walivyopatana bombani. Alijiambia ni kwa sababu hakuna ambaye angemwamini.

Aliacha kazi ya maka, akaapa kwamba atakuwa mchezaji wa kulipwa kwa njia zake mwenyewe na kwamba iko siku Shitanda ataanguka mbele ya macho yale yale ya Kaloleni. Kiwanja hakuwa nacho. Alikuwa na ukuta wa nyuma wa jumba la jamii. Alichora kwa mkaa mahali ambapo miguu ya Shitanda ingesimama, na kila jioni alipiga mipira mbali na alama zile, kushoto, kulia, kushoto, mpaka wanakwaya waliokuwa wakijizoeza ndani wakatuma mjumbe kumwomba angalau apige kwa mapigo ya wimbo.

Alicheza Khartoum, akacheza Lusaka, akacheza Lagos na Kairo. Alilala katika mabweni ya misheni na kwenye viti vya stesheni. Mara nyingi alitolewa mapema, na kila mara aliyemtoa alikuwa mkono wake mwenyewe. Mchezo ulipobana, pale ambapo mchezaji mwingine huua, mkono wa maka ulikumbuka adabu, ukampelekea adui mpira mtamu katikati ya kiwanja. Huko Lagos alikuwa na mechi kiganjani, akalisha mara tatu mfululizo, na aliyemshinda, kijana mstaarabu, alimshukuru walipokutana kwenye wavu. Nzuki alikwenda bafuni, akauma taulo ili asisikike.

Dawa aliyoipata ilikuwa chuki. Aligundua kwamba akinong'ona maneno fulani kabla ya kupiga, mkono unakuwa mgumu. Maneno yenyewe yalikuwa, "Alikula kwetu." Alinong'ona, akapiga, na mpira ukaenda kuua. Akanong'ona tena. Kwa dawa hiyo alianza kushinda raundi moja, kisha mbili, na magazeti ya Nairobi yakaanza kuliandika jina lake chini kabisa ya ukurasa wa michezo, karibu na mbio za ngamia. Jina la Shitanda liliandikwa juu, pamoja na picha.

Mkewe, Nthoki, fundi wa cherehani katika soko la Shauri Moyo, ndiye pekee aliyeijua siri ya bombani, na hakuipenda dawa ile.

"Baba Mukai," alimwambia siku moja akitia uzi kwenye sindano, "nyumba hii ina watu watatu. Wewe, mimi na mtoto. Kwa nini mimi napika kila siku kama tuko na Shitanda?"

Nzuki aliinama akafunga kamba za raba zake. Kweli alikuwa naye. Alikuwa naye akila, akisali, akimbeba Mukai mgongoni.

Mwaka wa themanini na tatu Nairobi ikaandaa mashindano makubwa, katika uwanja wa watu wote usio na bawabu wa kuuliza mtu anatoka mtaa gani. Shitanda akarudi nyumbani kucheza. Alikuwa na raketi za kisasa, moja ya chuma na nyingine nyeusi iliyong'aa, na goti la kulia lililofungwa bendeji. Kila mmoja alishinda mechi zake za mwanzo, na siku ya nusu fainali majina yao yakakaa pamoja ubaoni.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Shitanda ndiye aliyeanza kusalimia.

"Niaje, Nzuki. Miaka mingi, mse. Fathe na mathe hawajambo?"

"Mathe bado anapika," alisema Nzuki.

Shitanda alitabasamu akiifunga bendeji yake. "Muthokoi ule naukumbuka mpaka leo."

Pengine alisema kwa wema. Pengine alikuwa akitafuta mlango wa kuingilia katika mambo mengine. Nzuki hakungoja kujua. Aliichukua raketi yake, akatoka.

Kaloleni nzima ilikuwa imekaa upande mmoja wa uwanja, ndani safari hii, kwenye mabenchi. Wekulo alikuwako, mvi zimeanza. Mzee Mativo, aliyekuwa amestaafu, alikaa wima katikati yao kama mtu aliye kanisani. Nthoki alikaa mwisho wa benchi, karibu na kiwanja.

Nzuki alicheza seti ya kwanza kama mtu anayevunja nyumba aliyoijenga mwenyewe, anajua kila msumari ulipo. Alinong'ona na kupiga, akanong'ona na kupiga. Sita kwa mbili. Katika seti ya pili akaongoza nne kwa moja, na Shitanda akawa anatembea kati ya mipira huku akishika kiuno. Kama Nzuki angeendelea hivyo, mchezo ungekwisha kabla chai haijapoa. Lakini hapo hamu nyingine ilimjia, kubwa kuliko ya kushinda. Kumshinda Shitanda kulionekana ghafla kuwa kitu kidogo, kitu ambacho hata mgeni angeweza kumfanyia. Alitaka kumdhalilisha.

Akaanza kumlisha.

Aliupeleka mpira polepole upande wa kulia wa Shitanda, kwa kimo kizuri. Shitanda akaurudisha. Nzuki akauweka tena pale pale. Tena. Tena. Watazamaji wa kawaida walidhani ni mchezo mtamu tu. Shitanda alielewa mara moja, uso wake ukabadilika rangi: alikuwa akichezewa kama mwanachama wa klabu, kama bwana mnene anayetoa jasho kabla ya chai. Kwa maka hakuna tusi zaidi ya hilo. Kaloleni nayo ikaelewa, maana jina la Mlishaji lilikuwa lao, walilitunga wenyewe, na Wekulo akasimama juu ya benchi.

"Mlishe, Mlishaji! Mlishe mpaka acheue!"

Kicheko kilizunguka uwanja, na Nzuki alikisikia kikishuka ndani yake kama uji wa moto tumboni. Aliendelea. Hakuona kwamba mtu anayelishwa hupata nguvu. Mkono wa Shitanda, uliokuwa umekauka kwa hofu, ulianza kulainika. Goti lilipumzika. Mpira mmoja ukatoka kwake ukagusa mstari. Mwingine ukafuata. Nzuki alipojaribu kuua, mkono wake ulikuwa umekwisha kurudi katika ile adabu ya zamani, na dawa aliponong'ona haikushika. Nne kwa moja ikawa nne kwa nne, na seti ikaenda kwa Shitanda, sita kwa nne.

Wekulo aliketi. Hakuna aliyecheka tena.

Nzuki alipokaa kupumzika, Nthoki alijiinamisha kwenye ubao wa kutenga kiwanja akamsemesha kwa Kikamba, mwamuzi asielewe. Alimwambia amekuwa akimwona akipepeta unga anautupa, anaweka makapi. Akamwambia kama anataka kumla Shitanda akiwa hai, basi aende akamle nyumbani kwao. Hapa wamekuja kumtazama akicheza.

Maneno yale yalimchoma, lakini yalimwamsha. Katika seti ya tatu Nzuki hakunong'ona chochote. Aliutazama mpira. Kisha akalitazama goti. Aliudondosha mpira karibu na wavu, na Shitanda alipokuja akichechemea, akamrushia mwingine nyuma ya kichwa. Akaudondosha tena. Tusimsingizie huruma, hakuwa nayo. Kila Shitanda alipojiinua na kufuta vumbi jekundu mkononi, Nzuki aliona ni haki kabisa, na mpira uliofuata ulikwenda pale pale. Shitanda naye hakuomba kupumzika. Alikimbia kila mpira mpaka wa mwisho, ambao alianguka akiufuata. Sita kwa moja.

Kaloleni iliruka. Kofia zilipaa. Shitanda alikuja kwenye wavu akinyoosha mkono, na Nzuki hakuushika.

"Mkono wangu utaupata ukitoka kule," alisema, akaelekeza raketi kwenye mabenchi. "Baba yangu yuko pale. Mwambie ulichonifanyia. Kwa sauti."

Shitanda alishusha mkono. "Niseme yote?"

"Yote."

"Una hakika, Nzuki?"

"Nenda."

Shitanda alikwenda, mguu ukiburura, Nzuki akimfuata nyuma kama askari. Watu wa Kaloleni walinyamaza mmoja mmoja. Shitanda alisimama mbele ya Mzee Mativo, akavua kitambaa cha kichwani.

"Shikamoo, Mzee. Ile Jumamosi kule klabuni, mwaka wa sabini na nne, mwanao hakuwa dhaifu. Jioni iliyotangulia tulipatana, pale bombani kwenu. Anipe seti ya kwanza, mimi nimpe ya pili. Yeye alitimiza, mimi sikutimiza. Nilikula kwako, kisha nikamhini mwanao. Nimekosa."

Nzuki alisimama akiyapokea maneno hayo kama mkate wa ushirika. Hii ndiyo saa aliyoiota mbele ya ukuta wa jumba la jamii. Alingoja babake ainuke, amlaani mtu huyu, au amtemee mate. Ndipo alipogundua kwamba Mzee Mativo hamtazami Shitanda kabisa. Alikuwa akimtazama yeye.

"Mlipatana," alisema mzee.

"Baba, yeye ndiye aliyevunja..."

"Nimemsikia. Nauliza wewe. Mlipatana?"

"Ndiyo."

Mzee Mativo aligeuza macho akawatazama majirani zake, wale wazee wa reli na akina mama wa kanisa, kisha akarudi kwake.

"Mimi nimewaambia watu hawa miaka yote kwamba ulimkuta mwenye nguvu. Nimeliapia hilo mbele ya mchungaji. Tulisimama pale nje juani, mama yako kavaa viatu vya kuazima, tukidhani tunatazama mchezo."

Nzuki alifungua kinywa aseme kwamba maka wote walifanya hivyo, kwamba ndiyo ilikuwa desturi ya kazi. Alipoyafikisha maneno hayo ulimini aliyaona yameoza, akayameza. Alitafuta chuki yake, ile ya miaka yote, aiegemee, lakini mtu wa kuiegemezea alikuwa amesimama kando yake akilipumzisha goti, ameinama kama yeye, na kwa mbali wangeonekana kama vijana wawili walioletwa mbele ya mzazi kwa kosa moja.

Alikuwa ameahidi mkono. Akaunyoosha, Shitanda akaushika. Hawakukumbatiana. Shitanda alimwinamia mzee kichwa, akaondoka taratibu kuelekea chumba cha kubadilishia nguo, na hakuna aliyemzomea.

Watu walianza kushuka kwenye mabenchi kwa sauti ya chini. Wekulo alipita, akasimama kana kwamba ana jina jipya la kumpa mtu, kisha akaenda zake bila kulitoa. Nthoki alimfunika Nzuki taulo mabegani. Mzee Mativo alibaki amekaa.

"Fainali ni kesho?" aliuliza.

"Kesho, Baba. Saa nane mchana."

"Na nani?"

"Mmisri mmoja. Ni hodari sana. Amenishinda mara mbili."

"Na huyo mmepatana nini?"

"Hatujapatana kitu, Baba."

Mzee aliinuka kwa shida, akajipangusa vumbi la uwanja kwenye suruali, akaangalia kile kiwanja chekundu kilichojaa alama za miguu.

"Basi nitakuja," alisema. "Hata akikushinda, nitakuja."